Picha ya Kila Ijumaa

Nikianza kwa kumsifu wifi yangu msinishangae. Ubaya utafika, na ukifika nitausema bila kupepesa macho. Lakini haki yake nimpe kwanza, maana hospitalini kwetu hajawahi kutokea mtu wa kufanya kazi kama yule mwanamke alivyofanya kabla hajalegea.

Mimi nakaa mapokezi, dirisha la kwanza ukiingia upande wa eksirei. Mwaka wa kumi na nane huu naandika majina na kugombana na wanaoruka foleni. Yeye nilimkuta pale, wakati huo hata hajaolewa na kaka yangu. Alikuwa mtunza kumbukumbu za kompyuta. Kila siku saa kumi na nusu alasiri alipita mbele ya dirisha langu na mkoba wa zipu, ndani yake kanda tatu za kompyuta zenye picha zote za siku ile: vifua, miguu iliyovunjika, vichwa. Alizivusha barabara mpaka stoo ya ng'ambo, akazifungia kwenye kabati la chuma, akarudi na za wiki iliyopita. Mvua, jua, mimba ya miezi minane, alivuka. Ndiyo maana tukamwita Mama Kanda, na jina likamganda.

"Jengo hili likishika moto," aliniambia siku moja nilipomcheka, "wewe utakimbia umekumbatia pochi. Mimi nitatoka mikono mitupu, mali yangu ishavuka zamani."

Na kweli. Mwaka ule bomba la maji lilipopasuka, chumba cha kompyuta kikawa bwawa, picha zote zilirudi kesho yake kasoro za asubuhi ile tu. Mkurugenzi akampa cheti na soda. Cheti kipo sebuleni kwao mpaka leo. Soda aliinywa kaka yangu, ambaye siku hizo alikuwa anakuja kunisalimia mimi kila siku, ghafla tu, ndugu ambaye miaka yote hakuwa na habari na mimi.

Sasa sikilizeni jambo moja, maana ndilo litakalotutoa roho baadaye. Kwa Mama Kanda kuhifadhi hakukuwa kitu. "Kuhifadhi kila mtu anahifadhi," alikuwa akisema. "Wewe niambie, ukikitaka kinarudi?" Kwa hiyo kila Ijumaa alichomoa picha moja yoyote kutoka kwenye kanda, akairudisha kwenye kompyuta, akaifungua. Alikuwa na daftari jeusi lenye mistari miwili. Mstari wa kwanza anasaini aliyerudisha. Mstari wa pili umeandikwa "Nimeona kwa macho yangu", na hapo anasaini shahidi. Shahidi mara nyingi nilikuwa mimi. Ananivuta mkono kutoka dirishani, watu kwenye benchi wananinunia, nakwenda kuangalia mbavu za mtu nisiyemjua.

"Umeona?"

"Nimeona, wifi. Anahitaji kula huyu."

"Saini, acha maneno."

Nilisaini nilichokiona. Kumbukeni hilo.

Kisha akaja Mdogo. Tulimwita hivyo kwa sababu yeye mwenyewe alimwita Mama Kanda dada tangu siku ya kwanza. Kijana mtanashati wa miaka ishirini na sita, vyeti mpaka vya kupepea, na kucheka anajua. Mama Kanda akampokea kama mtoto wa mama yake. Akamfundisha nyumba yote, nyaya zote, mpaka jinsi ya kuusukuma kwa goti mlango wa chumba cha chini ukikwama. Jumapili anakula kwa kaka yangu. Alipolazwa kwa homa, nani alimpelekea uji? Mimi! Uji wangu, kwa chupa yangu, na chupa hajarudisha.

Mwaka wa pili wake hospitali ikaachana na kanda. Yakaja makabati mawili ya diski, marefu kunizidi, moja chumba cha chini, la pili jengo la kufulia mashuka ng'ambo ya uwanja. Yaliunganishwa kwa nyaya za faiba nyembamba kama uzi wa kushonea. Kompyuta zote za hospitali ziliacha kutegemea diski zao zenyewe, zikawa zinaweka na kuchota humo, kila moja imekatiwa kipande chake. Na kila kinachoandikwa kabati la kwanza, la pili linaandika palepale. Lile la pili tukaliita Pacha.

Mdogo alitaka yaishie hapo. Mama Kanda akakataa, na akamkatalia mbele ya mkurugenzi.

"Pacha ni mwigaji tu," alisema. "Jengo hili likiungua, atatufaa. Lakini mtu akifuta picha huku kwa makosa, na yeye anafuta, tena anafuta kwa furaha. Mimi nataka la tatu. Lisilosikia la mtu. Lichukue nakala kwa saa zake, lizitunze, hata sisi tukichizika huku lenyewe limetulia."

Likanunuliwa kabati la tatu, dogo. Tukaliita Kiziwi. Mnaona jinsi alivyokuwa na akili?

Siku makabati yalipowaka mara ya kwanza, fundi aliyeyaleta alitupiga picha. Mama Kanda katikati anacheka meno yote nje, Mdogo kulia amemwekea mkono begani, na kushoto mimi nimeushikilia ule mlango usijifunge, nimekunja uso kwa sababu ulikuwa unanielemea. Mama Kanda akasema hiyo ndiyo iwe picha ya kwanza kuwekwa humo. Tukapiga makofi, jamani. Tulipenda kweli.

Mwaka mmoja mambo yalikwenda vizuri. Halafu ofisi ya Mama Kanda ikahamishiwa ghorofa ya tatu, na magoti yake ndiyo yalikuwa yameanza kumsumbua. Ngazi kutoka kule mpaka chini ni themanini na mbili, nimezihesabu. Siku moja Mdogo akamwambia, "Dada, ya nini kujitesa? Mimi nitarudisha kutoka kwa Kiziwi, nikutumie kwenye simu. Ukiiona, si umeona?" Tena akaongeza, kwa ule ujanja wake wa kumpaka mtu mafuta, "Nitakuwa narudisha ileile picha yetu. Ikirudi ya kwanza kabisa, basi zote zipo."

Hapo ndipo alipolegea. Mwanamke aliyevuka barabara na mimba ya miezi minane! Kila Ijumaa simu inalia, ujumbe unasema, "Dada, imerudi," na picha chini yake. Yeye anatabasamu, anamrudishia alama ya moyo, na Jumatatu daftari likipandishwa anasaini. Nimeona kwa macho yangu. Mimi shahidi wa zamani nikapumzishwa, na sikulalamika, nilikuwa na foleni yangu.

Sasa niingie mimi mwenyewe. Mwaka jana nilikohoa mwezi mzima. Wifi ndiye aliyenisukuma nipigwe picha ya kifua. Kikohozi kikapona kwa dawa, lakini kwenye picha kukaonekana kivuli pafu la kulia. Daktari wa kifua, mtu wa maneno machache, akaniambia, "Hiki kinaweza kuwa kovu la zamani, kinaweza kuwa kitu kingine. Kwa picha moja siwezi kujua. Tutapiga nyingine baada ya miezi kumi, niziweke sambamba. Kisipokua, nenda zako nyumbani. Kikiwa kimekua, nitakufungua kifua."

Miezi kumi, wenzangu. Nililala na kile kivuli, nikaamka nacho. Nilicheka dirishani huku nikikihesabia wiki. Aliyejua ni kaka yangu, wifi, na Mdogo, kwa sababu alinikuta nalia jikoni kwa kaka Jumapili moja. Akanishika mkono. "Dada Mapokezi, usiogope," alisema. "Picha yako ninayo mimi. Iko mahali salama kuliko benki." Macho makavu kabisa!

Wiki ya kurudi kwangu, miadi ikiwa Alhamisi, ilianza vizuri. Jumanne saa tatu asubuhi daktari wa kifua akatoka chumbani kwake mwenyewe, jambo ambalo halitokei, akaniuliza kwa nini kompyuta yake haimwonyeshi picha yoyote ya kifua. Ya mtu yeyote. Nikampigia Mdogo. Akasema ni hitilafu ndogo. Kufika saa tano hitilafu ndogo ilikuwa imemtoa jasho mpaka shati limemganda mgongoni.

Kumbe asubuhi ile alikuwa anatafuta nafasi ya mashine mpya ya skani. Katika vile vipande vya kabati alikiona kimoja hakina jina. Mama Kanda enzi zake aliandika jina kila kitu, hata ndoo ya fagio. Lakini hicho alikikata Mdogo, na Mdogo hakuwa mtu wa kuandika. Akadhani ni kipande kitupu, akakipa mashine mpya, mashine mpya ikakisafisha ipate kukaa, ikaanza kuandika mambo yake. Kilikuwa kipande cha vifua. Na Pacha kule kwenye mashuka, mwigaji mwema, akasafisha na kuandika palepale.

"Msiwe na wasiwasi," Mdogo alimwambia mkurugenzi. "Kiziwi anazo zote." Na Mama Kanda akaja mpaka dirishani kwangu, ananong'ona, amenishika kiwiko. "Wifi, tulia. Ijumaa iliyopita tu tumerudisha. Alhamisi yako ipo palepale."

Nikatulia. Jumanne yote, Mdogo anasema nakala ni kubwa, zinarudi polepole. Jumatano, bado zinarudi. Alhamisi asubuhi nikapigwa picha mpya, nikakaa kwenye benchi langu mwenyewe kama mgonjwa, na daktari akaniambia, "Ya leo ninayo. Naisubiri ya mwaka jana."

Nikapanda ghorofa ya tatu. Sikubisha hodi. Nikamwambia wifi, "Simama. Tunashuka." Akashuka ngazi zote themanini na mbili ameshikilia chuma cha pembeni, na mlango wa chini ulipokwama nikaupiga goti mimi.

Mdogo alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, haigusi. Mama Kanda akamwambia, "Pisha, mdogo wangu." Kwa upole tu. Akakaa, akamfungua Kiziwi, akatafuta tarehe. Nilikuwa nyuma ya bega lake na mimi kusoma najua. Nakala ya mwisho ilikuwa ya miezi kumi na nusu nyuma. Akatafuta tena. Akavua miwani, akaifuta, akatafuta mara ya tatu.

Picha yangu ina miezi kumi. Wiki mbili, jamani. Kiziwi alinyamazishwa wiki mbili kabla sijapigwa picha!

"Hii ni nini?" Mama Kanda akauliza.

Mdogo akaanza kutafuna maneno. Alimwahidi mkurugenzi makabati yatatosha miaka mitano. Mwaka wa pili haujaisha, yakajaa. Akaona aibu kusema. Basi akammega Kiziwi nusu, nusu akaigawa kwa kompyuta nyingine, na nakala mpya zikakosa pa kukaa, akazizima. "Ilikuwa kwa muda, dada. Ningekuambia."

"Lakini picha ilikuwa inarudi," alisema wifi yangu. Alisema kama mtoto. "Kila Ijumaa ilikuwa inarudi. Mdogo wangu, ilikuwa inarudi kutoka wapi?"

 Kabati linanguruma tu.

Ndipo Mama Kanda alipoingia kwenye ile nakala ya zamani, akaitafuta picha yetu ya kwanza, akaifungua. Ikatokea kubwa kwenye kioo. Yeye katikati, Mdogo kulia, na mimi kushoto na uso wangu uliokunjwa, nimeshikilia mlango. Halafu akatoa simu yake, akafungua ile ya Ijumaa iliyopita, akaisogeza kando ya kioo.

Kwenye simu walikuwa wawili. Mimi sipo. Upande wangu wote umekatwa, umebaki ukucha wangu mmoja kwenye ubao wa mlango.

Ilikuwa picha ya simu yake mwenyewe yule bwana! Alishaikata pembeni zamani ikae vizuri kwenye kioo cha simu, yeye na dada yake, na kila Ijumaa alikuwa anaituma hiyohiyo kutoka mfukoni. Hata ile ya kweli, iliyokuwemo kwa Kiziwi muda wote, alishindwa kuifungua. Hata uvivu una kiasi chake! Mama Kanda akapandisha ujumbe, Ijumaa baada ya Ijumaa. Wawili, wawili, wawili.

Nilimtukana Mdogo. Sitayaandika niliyoyasema, ila fundi mmoja wa faiba aliyekuwa koridoni alikuja kutufungia mlango.

Mkutano wa mkurugenzi ulikuwa mchana uleule, na mimi niliingia bila kuitwa. Nilidhani Mdogo atalia, ataomba radhi. Thubutu! Alikuja na daftari jeusi chini ya kwapa. Akalifungua, akaligeuzia kwa mkurugenzi, akaweka kidole kwenye mstari wa pili.

"Mzee, kama kulikuwa na tatizo, shahidi angesema," alisema. "Ijumaa arobaini na tano, saini ni ya Mama Kanda. Ameandika ameona kwa macho yake."

Hakumwita dada. Miaka yote ya dada, dada, na siku hiyo akamwita jina la kazi. Mama Kanda aligeuza shingo akamwangalia kama mtu aliyekanyagwa mguu na mtu anayemjua. Nilitaka akane. Nilimwombea akane. Angeweza kusema alidanganywa, na ilikuwa kweli.

"Ni saini yangu," akasema. "Sikuona. Niliandika nimeona, lakini sikuwepo."

Mdogo aliondoka na barua ya kufukuzwa siku ileile, chupa yangu ya uji akaenda nayo. Mama Kanda akavuliwa cheo, akapewa kazi ya kubandika majina kwenye mafaili ya karatasi. Walileta mafundi wa kukwangua diski wakitafuta vifua vyetu, wakasema ile mashine mpya imeshaandika juu ya kila kitu. Picha ya leo unaweza kupiga hata mara kumi. Ya mwaka jana nani atakupigia? Tukatafuta karatasi ya majibu yangu ya zamani. Aliyeisoma aliandika, "Kivuli kidogo, pafu la kulia." Daktari wa kifua akaitupa mezani. "Kidogo si kipimo," alisema. Mara ya kwanza kumwona amekasirika.

Akanieleza hali ilivyo. Kusubiri miezi kumi mingine ni kubahatisha, kwa umri wangu na kikohozi kile. Nikakubali. Walinifungua upande wa kulia, kati ya mbavu, wakakata kipande cha pafu wakakipeleka maabara.

Siku ya sita majibu yakaja. Kovu. Kovu la homa ya utotoni, pengine nimezunguka nalo miaka arobaini. Daktari aliniambia wazi, na nilimheshimu kwa hilo: "Ningekuwa na ile picha, nisingekushika."

Kaka yangu alilia kwa furaha. Watu wa benchi langu walinitumia salamu. Mimi niliwaza mbavu zangu, na kupanda ngazi nikihema maisha yangu yaliyobaki.

Wifi alikuja alasiri, muda wa kuona wagonjwa, amebeba bahasha. Alikuwa ameichapisha ile picha ya kweli, ya watatu, kwa karatasi nzuri. Akaiweka juu ya shuka. Akaanza kunieleza kwamba yule mtu alimla akili, kwamba alimlea, kwamba hajui alimkosea nini. Alilia sana. Nilimwacha alie, kwa sababu yote ilikuwa kweli.

Aliponyamaza nikamuuliza, "Wifi. Ijumaa ngapi zile?"

"Arobaini na tano."

"Ijumaa arobaini na tano unafungua picha ya siku ile, uliyokuwa unasema ndiyo picha yako unayoipenda. Na mimi simo. Nilikuwa nimeshika mlango wako, wifi. Hukuona hata mara moja kwamba simo?"

 Akaichukua picha, akaiangalia upande wa kushoto, pale nilipo.

"Nilikuwa naangalia kama imefunguka tu," alisema. "Sikuwa naangalia nani yumo."

Alitaka kunishika mkono. Nikageukia ukutani. Ilibidi nigeuke polepole, kwa sababu ya mshono.